Land Rover 109 Series III: beringi ya klachi inalia. Nibadilishe yenyewe tu au nishushe vyote?

Mgogo wa Hombolo (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu, na wasio wa kwetu habari za mchana.

Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, petroli ile ya lita 2.25, pikapu. Nimeirithi kwa baba mdogo. Ni gari ya kazi: zabibu zikiiva inabeba zabibu, zikiisha inabeba maji na matofali. Karabureta nafungua mwenyewe, breki nafunga mwenyewe. Klachi sijawahi kuigusa.

Shida iko hivi. Nikiweka mguu tu juu ya pedali, hata kabla sijaikanyaga sawasawa, unatoka mlio mkavu kama mtu anasaga karanga kwenye jiwe. Nikiondoa mguu, kimya. Huo nimeuzoea, una muda. Jipya ni kwamba juzi nilikuwa natoka Kibakwe na mzigo wa maharage, kwenye mpando injini ikawa inapandisha sauti lakini gari haiongezi mwendo, halafu ikaingia harufu ya kuungua. Na gia ya nyuma siku hizi lazima niibembeleze, inakwaruza.

Fundi wa kwanza kasema ni beringi tu, pleti (ile sahani ya klachi) bado ina maisha. Wa pili kasema nishushe vyote. Wa tatu kasema "tung'oe injini kwanza halafu tutajua", na huyo ndiye aliyenifanya nije kuandika hapa.

Wenye uzoefu, naombeni mwongozo. Na je, kazi hii inafanyika nyumbani? Nina mkwaju mkubwa, jeki ya magurudumu na vijana wawili wenye nguvu.

Kijiwe cha Sabasaba

Naweka kigoda hapa, wenye ujuzi wanakuja.

Ila kusaga karanga na Land Rover ya Kiingereza, hapa Dodoma, hayo mambo yalishaanza Kongwa zamani.

Fundi Kizota

Mkuu, usidanganywe na bei ya beringi. Beringi yenyewe unaishika kwenye kiganja, unalipa hela kidogo. Gharama iko kwenye njia ya kuifikia. Ukishafika pale ndani, ukaweka beringi mpya ukaacha pleti ya zamani, ikifa baada ya mavuno unalipa ufundi mara ya pili kwa kazi ileile. Mimi sikubali kazi ya beringi peke yake kwenye 109, mteja akilazimisha namwambia atafute mwingine.

Ng'oa injini. Toa boneti, toa rejeta pamoja na ile paneli yake ya mbele, fungua ekzosi, nyaya, bomba la petroli, waya wa choki, fimbo ya mafuta, mauntingi mbili. Funga chenibloku kwenye tawi, ivute mbele. Klachi hiyo hapo mbele ya macho yako, unafanya kazi umesimama.

Mzee Karakana

Fundi Kizota kasema kweli kuhusu kubadilisha vyote. Kuhusu kung'oa injini nitampinga, lakini baadaye. Kwanza kijana aijue shida yake, maana hapa kuna mambo mawili au matatu yamevaana na kila fundi kakamata moja.

Nimefanya kazi karakana ya serikali enzi ambazo kila ofisi ya wilaya ilikuwa na 109 mlangoni. Kabla ya kushika spana tulikuwa tunasikiliza. Injini iwe inaunguruma taratibu, gia huru.

Mlio ukianza pale mguu unapogusa pedali, ni beringi ya klachi. Ndiyo pekee inayoanza kubeba uzito wakati huo, inasukuma vidole vya presha pleti, ile inayoibana pleti. Hapo wewe huna mjadala.

Mlio ukiwepo pedali ikiwa juu, ukakoma ukikanyaga, hiyo si beringi ya klachi hata kidogo. Ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, kwa sababu ukikanyaga shafti inasimama. Watu wengi wamebadilishiwa klachi nzima kwa ajili ya mlio huu, wakaondoka gereji na mlio wao.

Mlio ukija umekanyaga hadi chini na gia imeingia, gari imesimama, shuku ile bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya krenki (shafti kuu ya injini), inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Wakati huo krenki inazunguka na shafti imelala, kwa hiyo bushi ndiyo inayosuguana.

Sasa kuteleza. Tia mawe magurudumu yote, vuta handibreki, weka gia ya tatu, kanyaga moto kidogo na uachie klachi. Injini nzima na klachi nzima, inazimika papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, klachi imeachia. Fanya mara moja tu, usiirudie rudie kuwaonyesha majirani, unaiunguza.

Mwisho, ingia chini utazame tundu lililo chini kabisa ya nyumba ya klachi. Series zina plagi ya kuziba hapo wakati wa kuvuka maji. Kama plagi ipo, fungua. Kikitoka kitu, kinuse na ukisugue kwa vidole. Mafuta ya giaboksi yana harufu ya kiberiti, mazito. Ya injini ni meusi na hayana harufu hiyo. Njoo utuambie umekuta nini.

Mgogo wa Hombolo

Shikamoo mzee. Nimefanya yote.

Mlio: unaanza mguu ukigusa, kama nilivyosema. Pedali juu hakuna kitu. Kuteleza: gia ya tatu injini ililalamika lakini haikuzimika. Plagi ilikuwepo, imefungwa na matope ya miaka. Nilipoifungua yalitoka mafuta kama kijiko cha chakula, mazito, yananuka kiberiti hasa. Kijana wangu kasema yananuka yai bovu.

Mzee Karakana

Marahaba. Basi umeshapata jibu lako bila kufungua nati hata moja.

Sili ya mbele ya giaboksi imechoka. Mafuta yanapita kwenye shafti, yanarushwa, yanafika kwenye lainingi, yaani uso wa msuguano wa pleti. Lainingi ikinywa mafuta inateleza, ikiteleza inapata moto, ikipata moto inakuwa kioo. Aliyekuambia pleti ina maisha hakuiona. Na kama angekuwekea pleti mpya bila kubadilisha sili, mpya nayo ingelewa mafuta yaleyale.

Halafu hiyo plagi. Haitakiwi kukaa siku zote. Ni ya siku ya kuvuka mto. Ukivuka, itoe, uiweke kwenye boksi la vifaa. Tundu likiwa wazi unaona uvujaji siku ya kwanza unapoanza, chini ya gari. Likizibwa, mafuta yanakaa humo ndani yanaiogesha klachi.

Angalia pia kiwango cha mafuta ya giaboksi. Kubwa inabeba lita 1.5, ile ya chini yenye gia za nguvu lita 2.5. Kila moja ina mafuta yake lakini zinapakana, na sili ya katikati ikichoka mafuta huhama upande mmoja kwenda mwingine. Ukifungua plagi ya kujazia ya giaboksi ya juu yakamwagika mengi, nayo ndiyo inayosukuma mafuta kwenye sili ya mbele.

Fundi Kizota

Mzee hapo kwenye mafuta kuhama umenigusa. Kuna 109 ya mteja wangu wa Bahi, kila huduma giaboksi ya chini imekauka na ya juu imejaa. Nilikuwa nadhani anaibiwa.

Kijiwe cha Sabasaba

Anaibiwa na gari yake mwenyewe 😂

Binti Kongwa

Huyo wa Sabasaba aliyeitaja Kongwa, kwetu hatucheki na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ikawashinda, 1951 wakaachia. Udongo ule mwekundu ulikula vyuma vyao, na ndio huohuo unaoingia kwenye nyumba ya klachi yako.

Kwenye mada. Naendesha 109 pia, ya dizeli. Mleta mada amesema gia ya nyuma inakwaruza, na hakuna aliyelishika hilo. Series III gia nne za mbele zote zina sinkroni (inayolinganisha mwendo ili gia iingie laini), ya nyuma haina. Kwa hiyo klachi isipoachia sawasawa, ya nyuma ndiyo inayokuwa ya kwanza kukushitaki. Hiyo siyo lazima iwe pleti. Mwambie mtu akanyage pedali wewe uko chini unaangalia fimbo ya silinda ndogo ya klachi. Kama inatembea kidogo kidogo, shida iko kwenye mafuta ya breki yanayosukumwa na pedali, siyo ndani ya klachi. Ukipampu mara mbili tatu gia ikaingia laini, una upepo kwenye bomba au masta silinda imechoka.

Na ile hosi fupi ya mpira. Gereji moja walinibadilishia klachi nzima, gari ikaendelea kuteleza ikishapata moto. Kumbe hosi ilikuwa imevimba kwa ndani. Ukikanyaga mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu, ukiachia hayarudi upesi, klachi inabaki imeshikwa nusu. Hosi ya zamani kama gari, ibadilishe tu, usiifanyie uchunguzi.

Mgogo wa Hombolo

Dada asante. Nimeangalia: fimbo inatembea, nikipampu inatembea zaidi. Kwa hiyo nina beringi, nina sili, nina pleti, na nina upepo. Nimeshinda bahati nasibu.

Mzee, turudi kwenye kung'oa. Injini mbele au giaboksi nyuma?

Mzee Karakana

Giaboksi nyuma. Na huiondoi, unairudisha tu kiasi cha kupitisha mikono na presha pleti. Hauhitaji tawi la mkwaju.

Wanaopenda kung'oa injini wamejifunza kazi kwenye magari ya pwani. Gari la Tanga au Dar, bolti za sakafu na boksi la viti zimeota kutu, ukizigusa zinakatika, unaishia kutumia patasi na gesi. Hapo kweli injini mbele ni nafuu. Gari lililozeekea Dodoma ni kitu kingine. Hewa kavu, hakuna chumvi. Paka mafuta ya kupenya jioni, asubuhi bolti zinafunguka kama zilifungwa mwaka jana. Sakafu mbili, kifuniko cha katikati cha giaboksi, boksi la viti, unavitoa vyote ukaviegemeza ukutani. Ukiwa umefanya hivyo, rejeta, ekzosi ya mbele, nyaya za injini, vyote umeviacha mahali pake.

Kisha propela shafti zote mbili, waya wa spidi, viunganishi vya handibreki, silinda ya klachi (ifungue kwenye nyumba yake uitundike pembeni), fimbo za gia za chini, mauntingi za giaboksi. Spana ziwe za inchi. Propela shafti zinataka 9/16. Mtu atakuambia 14 inaingia. Haiingii. Na 15 inakula kona za nati. Zilizo nyingi kwingine ni 1/2, hapo 13 inaingia kwa kulegea kidogo na watu huitumia, mimi sipendi.

Sasa nisikilize vizuri, hapa watu wanaumia. Handibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, pale giaboksi inapoishia. Kwa hiyo, kwanza: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kuondoka hata handibreki ikiwa juu, kwa sababu difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke. Pili: ukishafungua propela shafti ya nyuma, huna handibreki kabisa. Ile fimbo unaivuta, inalia krr krr, haishiki kitu. Chagua mahali tambarare. Magogo mbele na nyuma ya magurudumu, yote, kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Jambo jingine ni injini. Imekaa kwenye mauntingi mbili za mbele na mgongo wake unabebwa na giaboksi. Ukiirudisha giaboksi, injini inainamia nyuma. Weka jeki na kipande cha ubao chini yake kabla hujaachanisha.

Fundi Kizota

Mzee nimekuelewa ila giaboksi kurudisha watu wawili chini ya gari na jeki ya magurudumu ikitetereka, mimi naona hatari kuliko injini iliyoning'inia mbele yako. Kila mtu na anavyozoea. Mwenye chenibloku nzuri asiache chenibloku yake.

Mzee Karakana

Sibishani na mwenye chenibloku nzuri. Nabishana na mwenye tawi.

Peugeot Damu

Samahanini kwa kuingilia. Nina 504 saluni imekaa Area D chini ya turubai, klachi imekufa. Hii ya giaboksi nyuma inafaa?

Mzee Karakana

Kwako ni kizungumkuti. 504 saluni, kama 404 kabla yake, propela shafti yake iko ndani ya bomba lililofungwa kutoka giaboksi hadi difu. Huwezi kufungua bolti nne ukaiweka pembeni. Lazima ulifungue hilo bomba na kulirudisha nyuma ndipo giaboksi ipate nafasi ya kutoka. Si ngumu, ni ndefu. Fungua uzi wako, huu tusiuchanganye.

Ila 404 niheshimuni. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, alishinda East African Safari kwa 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Wakati ule barabara za kwetu zilikuwa mashimo yanayofuatana.

Peugeot Damu

Asante mzee, turubai linakwenda kufunuliwa.

Nesi wa Safari

Mimi siyo fundi, mume wangu ndiye mwenye gari. Naombeni mzingatie vumbi. Lainingi za klachi na breki za zamani zilitengenezwa kwa asibesto. Nimeona mafundi wakifungua nyumba ya klachi wanapuliza kwa kompresa, vumbi linajaa gereji nzima, watoto wa jirani wamesimama wanaangalia. Lile vumbi ukilivuta linakaa kwenye mapafu na madhara yake yanakuja baada ya miaka mingi. Msipulize. Lowesheni kwa maji, futeni kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kifungwe kwenye mfuko kitupwe. Na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Fundi Kizota

Hili nalikubali dada. Pale kwetu kompresa ndiyo ufagio. Nitabadilisha.

Mgogo wa Hombolo

Wakuu, nimefungua. Picha zinagoma kupanda, nitaeleza kwa maneno.

Mzee alisema kweli, bolti za sakafu zimetoka zote isipokuwa mbili za kona, hizo tumekata. Vyura walikuwa wanaishi chini ya kiti cha dereva, sijui walifikaje na hili jua.

Pleti: upande wa presha pleti bado una lainingi, nyeusi, inang'aa, imelowa. Upande wa filaiwili (ile sahani nzito ya nyuma ya injini) ribiti zimeshaanza kugusa chuma, zimechora duara mbili kwenye filaiwili, ukipitisha ukucha unakwama. Beringi nikiizungusha mkononi inakwaruza. Kile kibanio cha plastiki kinachoishika kwenye uma kimekatika, nusu yake nimeikuta chini ya nyumba ya klachi. Vidole vya presha pleti vimelika ncha, na viwili viko chini kuliko wenzake. Bushi ya shaba: nimeingiza ncha ya shafti, inacheza.

Sili nimeitoa kwa bisibisi, ilikuwa ngumu kama mfupa.

Maswali: filaiwili nichonge au niiache? Na bushi inatokaje? Iko ndani ya tundu, haina pa kushika.

Mtoto wa Sekenke

Filaiwili peleka ikachongwe. Mimi naendesha lori Singida kwenda Nzega, mlima Sekenke naupanda usiku na mchana, najua klachi iliyowekwa kwenye filaiwili yenye michirizi inavyotetemeka ukiondoka na mzigo. Mwambie fundi wa mashine asafishe uso kidogo kadiri inavyowezekana, achukue sawa uso mzima, siyo kufukuza mchirizi mmoja. Vile vipini vya kuongozea presha pleti avitoe kwanza. Na akiona nyufa ndefu za moto, asichonge, tafuta nyingine.

Binti Kongwa

Bushi: jaza grisi kwenye tundu mpaka ijae. Tafuta chuma cha duara kinachoingia kwenye bushi kwa kubana, kiingize, kipige nyundo. Grisi haina pa kwenda isipokuwa nyuma ya bushi, inaisukuma nje yenyewe. Grisi ikikuchosha kwa uchafu tumia mkate uliolowa maji, unafanya kazi ileile na unasafishika kirahisi. Bushi mpya iloweke kwenye mafuta ya injini usiku kucha kabla ya kuiingiza, shaba ile inakunywa mafuta.

Kijiwe cha Sabasaba

Mkate? Dodoma hii? Ugali wa mtama hauwezi?

Binti Kongwa

Unaweza. Ila wa jana, uwe umekaza.

Mgogo wa Hombolo

Imetoka kwa ugali. Sitanii. Mama kagoma kuniangalia usoni.

Fundi Kizota

Mkuu kabla hujafunga, nunua kwa macho. Klachi nyingi zinazokuja na boksi zuri si za kuaminika. Pleti ya 109 yako ni ya inchi 9.5 na meno kumi katikati. Kabla ya kulipa, ivishe kwenye shafti, iteleze bila kukwama na bila kucheza. Presha pleti ilaze mezani utazame vidole vyote viko usawa mmoja. Beringi izungushe: iwe kimya na nzito kidogo kwa grisi, ile inayozunguka huru kama kichezeo imekauka ndani. Na mwulize muuzaji kama kibanio cha uma kimo kwenye boksi, mara nyingi hakimo.

Usisahau upande wa pleti. Imeandikwa upande wa kukaa filaiwili, maandishi yakifutika kumbuka kitovu kirefu kinaangalia giaboksi. Ukigeuza, klachi haiachii, na hutajua mpaka ufunge kila kitu na sakafu.

Mzee Karakana

Kwenye kuiweka katikati, usikadirie kwa jicho. Wengine wanachonga kijiti cha mti. Kijiti kinafaa kama mchongaji anafaa. Mimi nina shafti ya mbele ya giaboksi iliyokufa, meno yake mazima. Unaipitisha kwenye pleti mpaka kwenye bushi, unabana bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa kuruka upande mpaka upande, ukimaliza unaichomoa. Ikichomoka laini, na giaboksi itaingia laini.

Meno ya shafti yapake grisi ya kuhimili joto, alama tu, ukiipitisha kwa kidole ibaki rangi. Ukizidisha inarushwa kwenye lainingi na utakuwa umefanya kazi ya sili kwa mkono wako.

Wakati wa kurudisha, weka gia ya nne, kijana mmoja azungushe ngoma ya handibreki polepole wakati wewe unasukuma. Meno yatapatana. Ikikataa, tafuta ulalo wa injini na giaboksi, pandisha au shusha jeki. Usivute kwa bolti. Na usiache giaboksi ikaning'inia kwenye shafti wakati mnakwenda kunywa chai, uzito ule unapinda pleti mpya.

Ukitaka shafti, uko Hombolo, mimi niko Nkuhungu. Njoo uichukue. Utaandika jina.

Mgogo wa Hombolo

Mzee, Mungu akuzidishie. Nimekuja, nimepewa na chai juu.

Gari imefungwa. Filaiwili imechongwa, sili mpya, bushi mpya, pleti, presha pleti, beringi na kibanio chake, hosi mpya. Giaboksi iligoma kuingia mpaka tulipoinua injini kidogo, ikaingia kwa mlio mmoja. Kazi kubwa kuliko zote, amini usiamini, ilikuwa kutoa upepo. Tunapampu, pedali inabaki laini.

Binti Kongwa

Acha kupampu. Chukua bomba la sindano kubwa, mpira mdogo, jaza mafuta ya breki mapya, sukuma kutoka chini kwenye nipo ya silinda ndogo kwenda juu. Upepo unapenda kupanda, usilazimishe ushuke. Mtu mmoja akae kwenye masta silinda na kitambaa, isijae ikamwagikia rangi. Na chombo kiwe cha mafuta ya breki, siyo kilichowahi kubeba oili, mipira itavimba.

Mgogo wa Hombolo

Dada, pedali imekaza mara moja. Gia ya nyuma inaingia kwa kidole. Mlio hakuna. Nimepanda nayo hadi Chamwino bila mzigo.

Mzee, nianze lini kubeba?

Mzee Karakana

Kilomita mia chache za mwanzo usivute kitu na usiondoke kwa kupandisha moto. Lainingi mpya inataka kukaana na filaiwili. Baada ya hapo ibebe. Na mguu wako uondoke juu ya pedali ukishabadilisha gia, umeandika mwenyewe mwanzo kwamba unauweka pale. Weka mguu sakafuni, sakafu ni mpya.

Mafuta ya giaboksi angalia tena baada ya wiki. Tundu la chini liache wazi.

Kijiwe cha Sabasaba

Na vyura?

Mgogo wa Hombolo

Wamerudi.

Mwana wa Kondoa

Wakuu nimesoma uzi wote kwa sauti. Nina Land Rover 88, ile fupi, ya Series III, dalili zilezile, mafuta yananuka kiberiti hivyohivyo. Pleti na vikorombwezo vyote nimeshapata. Mgogo, ile shafti bado unayo? Unaweza kuipandisha kwenye basi la Kondoa kesho, nitaipokea stendi.

Mgogo wa Hombolo

Ninayo ila siyo yangu. Mzee?

Mzee Karakana

Shafti yangu haipandi basi. Afuate mwenyewe, aje na jina lake.